Kuendesha Treni Huanza kwa Kufuta Masizi

Kwa mkazi wa Tarafa ya Lupembe anayesafirisha chai, mbao au mahindi, Makambako ni mahali ambapo barabara itokayo Songea na Njombe huungana na barabara kuu, na ambapo reli ya TAZARA hupita. Kijana anayesimama stesheni akitazama treni ikiondoka anaweza kujiuliza mtu hufikaje hata akakabidhiwa kichwa cha treni chenye uzito wa zaidi ya tani mia moja. Makala haya yanajibu swali hilo. Yanaanza na watu wanaojifunza kazi hii kwa kujitolea, kwa kuwa njia yao inaonyesha hatua zote kwa uwazi, kisha yanarejea kwenye reli yetu.

Reli zinazotunzwa kwa kujitolea

Huko Wales, nchini Uingereza, kuna reli nyembamba iitwayo Talyllyn, iliyofunguliwa mwaka 1865 kubeba mawe ya kuezekea nyumba. Mmiliki wake alipofariki mwaka 1950, reli hiyo ilikuwa imechakaa na ilitazamiwa kufungwa. Mwaka 1951 raia wa kawaida waliungana, wakaanza kuiendesha wenyewe bila mshahara. Ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo, na tangu hapo reli nyingine nyingi za urithi zimefuata mfano wake.

Afrika Mashariki nayo ina urithi wa aina hiyo. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, kuna kichwa cha mvuke namba 5918. Ni kimojawapo cha vichwa 34 vilivyotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Kila kimoja kilipewa jina la mlima, na hicho kinaitwa Mount Gelai, kwa heshima ya mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Baada ya kustaafu, kichwa hicho kilifanyiwa matengenezo, kikavuta treni tena.

Ngazi tatu za kujifunza

Anayejitolea kwenye reli ya mvuke hapandi moja kwa moja kwenye kiti cha dereva. Ngazi ya kwanza ni usafishaji. Mwanafunzi hufika kabla ya mapambazuko, huondoa majivu ya jana, hufuta masizi na kupaka mafuta sehemu zinazosuguana. Kazi hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa anayefuta kila kipande cha chuma kwa mkono wake ndiye anayeona ufa mdogo au nati iliyolegea.

Ngazi ya pili ni kuchochea moto. Hapa mwanafunzi hutupia makaa ya mawe tanurini na kulinda maji ya boila. Kazi yake huangalia mbele daima. Kama mlima uko kilomita tatu mbele, moto lazima uwe tayari sasa, maana mvuke hauji papo hapo. Maji nayo hayatakiwi kushuka chini ya dari la tanuri. Yakishuka, chuma hulainika na boila inaweza kupasuka. Kwa sababu hiyo, darini huwekwa kizibo chenye risasi, ambayo huyeyuka joto linapozidi na kuruhusu mvuke uingie tanurini, ili kuwaonya wahudumu na kupunguza moto.

Ngazi ya tatu ni udereva. Mwanafunzi huijua njia kwa moyo: kila mteremko, kila kona, kila ishara. Huendesha chini ya jicho la dereva mzoefu, kisha hupimwa kwa maswali na kwa vitendo. Kwa anayejitolea mwisho wa wiki tu, safari ya kutoka kwenye masizi hadi udereva huchukua miaka mingi.

Kusimamisha ni kazi kuliko kuondoka

Vichwa vingi vya treni vya leo hutumia dizeli. Katika vingi vyake, injini ya dizeli haizungushi magurudumu moja kwa moja. Huzungusha jenereta, na umeme unaopatikana hupelekwa kwenye mota zilizo kwenye ekseli. Dereva huongeza nguvu hatua kwa hatua kwa mkono wa kidhibiti. Akiongeza kwa pupa, magurudumu huteleza juu ya chuma, au viungio vinavyounganisha mabehewa huweza kukatika.

Hata hivyo, ujuzi wa dereva hupimwa zaidi wakati wa kusimamisha. Breki ya hewa hufanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani. Bomba lenye hewa iliyoshindiliwa hupita katika treni nzima, na hewa hiyo ikiwa kamili breki huachia. Dereva akipunguza hewa, breki hushika. Hivyo hata treni ikikatika katikati, hewa hutoka na mabehewa hujifunga breki yenyewe. Mteremkoni dereva hutumia pia mota za umeme kupunguza mwendo, ili magurudumu yasipate moto kupita kiasi.

Ujuzi huu unahitajika sana katika eneo letu. Kati ya Makambako na Mlimba, reli hushuka zaidi ya mita 1,000 kutoka nyanda za juu hadi bonde la Kilombero, ikipita katika mahandaki na juu ya madaraja marefu, likiwemo la Mto Mpanga. Sehemu hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote katika ujenzi wa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia.

Mambo matatu yanayotuhusu

La kwanza ni usalama. Treni ya mizigo iliyojaa inaweza kuhitaji kilomita moja au zaidi kabla ya kusimama. Dereva akikuona relini, mara nyingi hana tena uwezo wa kukuokoa hata akifunga breki zote. Vuka mahali palipowekwa kivuko, simama, tazama pande zote mbili na usikilize. Tusiwaruhusu watoto kucheza relini wala kuchunga mifugo kando yake. Anayeng'oa nati au taruma ili auze chuma chakavu anahatarisha roho za abiria. Ukimwona, toa taarifa polisi au kwa mtendaji wa kijiji.

La pili ni ajira. Kwetu reli ni ya kazi, si ya maonyesho, hivyo njia ya kuwa dereva ni chuo na ajira. TAZARA ina chuo chake cha mafunzo huko Mpika, Zambia, na hapa nchini kuna chuo cha reli Tabora pamoja na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Mwanafunzi anayetamani kazi hii aweke bidii katika hisabati na fizikia, ajifunze ufundi wa magari na umeme, na atarajie kuanza kama fundi au msaidizi wa dereva.

La tatu ni kumbukumbu, na hapa ndipo kujitolea kunapowezekana leo bila gharama. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa kwa Serikali za Tanzania na Zambia mwaka 1976. Kijana aliyebeba mataruma akiwa na umri wa miaka ishirini mwaka 1970 sasa amepita miaka sabini. Anajua handaki lipi lilitoa maji, nani alifundisha nani, na chakula kilipikwa wapi. Elimu hiyo haimo katika mitambo, na itazikwa pamoja naye tusipomuuliza. Walimu wa shule zetu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi la kuwahoji wazee hao, kuandika majibu yao na kuyahifadhi shuleni.

Reli ya Talyllyn iliokolewa na watu walioanza na ufagio na kopo la mafuta. Sisi tunaweza kuanza na daftari na kalamu, wakati wazee wetu wangali wanaweza kusimulia.