Binti wa Tukuyu na Kiti cha Spika

Mama anayeuza maharage pale Mpemba, barabara ya kwenda Ileje inapochepuka kutoka barabara kuu ya Zambia, huwaona wabunge wakipita na magari yao wakati wa kampeni. Huenda akamtazama binti yake wa darasa la saba na kujiuliza: hivi mwanamke hufikaje Bungeni?

Akina mama wapendwa, zipo njia kadhaa. Wengi hupitia Viti Maalum, ambavyo vyama hugawana kulingana na kura walizopata. Baada ya uchaguzi wa 2020 viti hivyo vilikuwa 113. Rais naye anaweza kuteua wabunge wasiozidi 10. Njia ngumu kuliko zote ni ya jimbo: mwaka huo wa 2020, kati ya majimbo 264, wanawake walioshinda hawakufika 30.

Mfano wa jirani ni Dk. Tulia Ackson. Alizaliwa Tukuyu, wilayani Rungwe, mwaka 1976. Kabla Mkoa wa Songwe haujaanzishwa mwaka 2016, Tukuyu na Mpemba zilikuwa mkoa mmoja wa Mbeya. Alisoma Loleza, shule ya wasichana ya Mbeya mjini ambayo wazazi wengi wa huku wanaifahamu, kisha Zanaki, Dar es Salaam. Akachukua sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akarudi hapo hapo kufundisha, na mwaka 2007 akapata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini.

Mwaka 2015 mambo yalikwenda mbio. Septemba aliteuliwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Novemba Rais Magufuli akamteua mbunge, na siku chache baadaye akachaguliwa Naibu Spika. Alikaa kwenye kiti kile bila kupigiwa kura na mwananchi hata mmoja, na wapinzani hawakuacha kumkumbusha.

Jaribu lake kubwa lilikuja Mei 30, 2016. Serikali ilikuwa imewarudisha nyumbani maelfu ya wanafunzi wa stashahada maalum ya ualimu waliokuwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Fikiria, mama, mwanao anakuja na sanduku lake katikati ya masomo! Mbunge Joshua Nassari aliomba Bunge liache shughuli nyingine lijadili jambo hilo. Naibu Spika akakataa. Zogo likazuka, wapinzani wakatolewa nje, na tangu hapo wakawa wanatoka kila alipoongoza kikao. Mwezi Juni walitoka wakiwa wamejiziba midomo kwa plasta. Waliomtetea walisema alifuata Kanuni. Kwa maoni yetu, kilio cha wazazi wale kilistahili kusikilizwa hata kwa saa moja. Kuwa na mwanamke kitini hakutoshi kumfanya kila mama asikilizwe.

Hata hivyo hakuridhika na kuteuliwa. Mwaka 2020 aligombea Mbeya Mjini, jimbo la Joseph Mbilinyi, yule mwanamuziki Sugu, akatangazwa mshindi katika uchaguzi ambao matokeo yake wapinzani waliyakataa. Januari 2022 Job Ndugai alijiuzulu uspika, na Februari 1 Dk. Tulia akachaguliwa kushika nafasi hiyo. Alikuwa mwanamke wa pili baada ya Anne Makinda wa Njombe, aliyeongoza Bunge kuanzia 2010 hadi 2015. Nyanda za Juu Kusini zimetoa maspika wote wawili wanawake, jambo ambalo twalitaja kwa furaha.

Oktoba 2023, mjini Luanda, Angola, wabunge wa mataifa walimchagua Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani kwa kipindi cha miaka 3, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuupata wadhifa huo.

Katika uchaguzi wa 2025 aligombea jimbo jipya la Uyole, akatangazwa mshindi. Wengi walidhani uspika ni wake tena, lakini alijiondoa katika kinyang'anyiro. Novemba 2025 kiti kilikwenda kwa Mussa Azzan Zungu, aliyekuwa naibu wake.