Mng'ao wa Dashibodi Si Kinga

Kwenye vituo vingi vya kuosha magari Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Donholm hadi Kayole, kazi haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka dashibodi ipakwe dawa ing'ae. Wenye magari wengi huamini kwamba plastiki ikishametameta hivyo haitapauka wala kupasuka kwa jua. Imani hiyo huwafanya wanunue dawa isiyofaa, kwa sababu adui mkubwa wa dashibodi hazuiliki kwa mafuta.

Miale ya urujuanimno ni kweli ni mikali huku kwetu. Nairobi iko jirani na ikweta, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Lakini dashibodi hukaa nyuma ya kioo cha mbele, ambacho ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki unaofyonza miale. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, baada ya kupima magari 29, ulionyesha kwamba vioo vya mbele vilizuia wastani wa asilimia 96 ya miale ya urujuanimno aina ya UVA. Vioo vya pembeni vilizuia wastani wa asilimia 71, na kimoja kilifika 44 tu. Kwa hiyo dawa yenye kizuia miale ina maana zaidi kwenye plastiki ya milango, mahali ambapo mara nyingi hupitishwa kitambaa kwa haraka tu.

Kinachoizeesha dashibodi zaidi ni joto. Mwaka 2018, watafiti huko Arizona walipima magari yaliyoegeshwa kwa saa moja siku zenye joto la karibu nyuzi 38. Dashibodi za magari yaliyokuwa juani zilifika wastani wa nyuzi 69, na za kivulini 48. Nairobi haina joto la Arizona, lakini jambo la kutazama ni ile tofauti ya nyuzi 21. Joto huharakisha oksijeni kukata minyororo ya molekuli za plastiki, na kwenye ngozi ya vinili hufukuza vilainishi vinavyoifanya inyumbuke. Kwa makadirio ya kawaida ya kemia, kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi ya mabadiliko hayo huwa karibu maradufu. Nyuzi 20 ni takriban mara nne. Hakuna dawa ya kupaka inayoshusha joto kiasi hicho. Tukumbuke pia kwamba Kenya huruhusu kuingizwa magari yaliyotumika ya hadi miaka 8, hivyo plastiki nyingi hufika hapa zikiwa tayari zimetumia sehemu ya kinga zilizotiwa kiwandani.

Mtu atauliza, basi tuache kupaka? Hapana. Dawa nzuri hurahisisha kufuta vumbi na hurudisha rangi iliyofifia. Wala si haki kuilaumu silikoni iliyomo kwenye dawa nyingi kwamba inakausha plastiki. Yenyewe ni kemikali tulivu. Ubaya uko kwenye mafuta yasiyokauka: hunasa vumbi la mtaani, na kila ukifuta, chembe zake hukwaruza. Mng'ao nao huakisiwa kwenye kioo cha mbele jua la saa sita likiwaka, dereva asione barabara vizuri. Epuka dawa inayonuka kama mafuta ya taa. Chagua iliyotengenezwa kwa maji, nyeupe kama maziwa, inayokauka bila kung'aa. Ijaribu pembeni: paka tone, sugua kwa kitambaa kikavu, kisha bonyeza kidole. Kikiteleza au kikiacha alama, usiinunue. Usipake kamwe usukani wala pedali. Zile za seramiki za bei ghali hushika vizuri kwenye kioo na rangi ya gari, lakini polipropilini, plastiki ya kawaida ndani ya magari, haishikamani na vitu kirahisi.

Kama kinachopunguza joto ni kivuli, pingamizi zito zaidi ni la kukipata. Mkazi wa mtaa wa Pipeline, mahali ambapo ghorofa zimebanana na magari hulala barabarani, atakipata wapi? Hawezi kupanda mti, lakini anaweza kuweka kizuizi cha jua nyuma ya kioo cha mbele, upande unaong'aa ukitazama nje, ili sehemu ya joto irudi kabla ya kuifikia plastiki. Ndugu mwenye gari, ukiwa na pesa za kitu kimoja tu, nunua hicho kwanza. Dawa ifuate baadaye.