Tulimuuza Mtoi wa Keja

Wasee, msimu ya 2024/25 iliniuma kwa roho na lazima niitoe.

Jumatano, tarehe 21 Mei. Den yetu ya ball hapa Kayole imejaa hadi nje, mayut wengine wamesimama juu ya kreti za soda wakichungulia dirishani. Kuingia ni finje. Saa nne usiku, fainali ya Europa kule Bilbao, Man U na Tottenham. Tottenham hao hao wenye kwa ligi walimaliza nambari 17, na bado walikuwa wametuchapa mara tatu hiyo msimu. Dakika ya 42 Brennan Johnson akatuweka bao ya kugongagonga tu, hata haikuwa na stail. Kipindi cha pili Højlund wetu akapiga kichwa, mpira unaingia huo, Van de Ven wa Tottenham akaruka nyuma nyuma akautoa kwa laini. Moja bila hadi filimbi. Mwenye den akazima tivi bila kuongea, na sisi tukatoka mmoja mmoja, kila msee na njia yake.

Nikalala nikijua hapo ndio mwisho wa maumivu. Ijumaa ikakam.

Ijumaa usiku niko kwa keja, nacheki simu. Napoli na Cagliari. Napoli wakishinda wanabeba ligi ya Italia. Kabla ya mapumziko krosi inapigwa, Scott McTominay anajirusha hewani, mguu juu, ndani! Lukaku akaongeza ya pili, ikaisha hivyo, Napoli mabingwa. McTominay akamaliza na mabao 12 kwa ligi na akaitwa mchezaji bora wa Serie A. Nikaweka simu chini nikakaa tu.

Juu huyo ni mtoi wetu, jo. Aliingia Man U akiwa na umri wa mtoi wa nasari, akakulia pale miaka zaidi ya 20. Agosti 2024 wakamuuza kitu ka pauni milioni 25.

Nakumbuka Oktoba 2023, Jumamosi jioni, tunachapwa moja bila na Brentford pale pale Old Trafford. Dakika zimeisha. Den yote imeanza kutoka, mimi mwenyewe nimeshika kofia. McTominay ametoka benchi sai tu. Akafunga moja kwa dakika za nyongeza, tukarudi mbio ndani. Akafunga ya pili. Kuna msee hata sijui jina yake alinibeba juu. Hakuwa fundi wa mpira, hiyo nakubali, na kuna siku nilimkasirikia vibaya. Lakini ukimwangalia ulikuwa unaona msee anacheza kwao.

Sasa cheki venye hesabu ilikuwa. Tulinunua Højlund kutoka Atalanta 2023, halafu Zirkzee kutoka Bologna 2024. Wote wawili kutoka Italia, na ukiwajumlisha ni kama pauni milioni 100. Hiyo msimu kwa ligi mmoja alifunga mabao 4, mwingine 3. Saba! Huyo wa kukulia kwetu tukampeleka Italia hiyo hiyo, akafunga 12, na yeye hata si straika.

Na sababu iko wazi. Hiyo msimu ligi ya Uingereza ilikuwa na sheria ya hasara, klabu haikufaa kupoteza doo kupita kiwango fulani. Mchezaji ukimnunua, bei yake inagawanywa kwa vitabu kwa miaka ya kandarasi. Mtoi wa akademi hakununuliwa, so ukimuuza, doo yote inaandikwa faida papo hapo. Ndio maana klabu ikibanwa, wa kwanza kuwekwa sokoni ni watoi wa nyumbani. Doo imechomwa na wakubwa, mtoi ndio analipa. Na si wachezaji pekee: 2024 Man U ilifuta kazi watu kama 250, na Februari 2025 wakatangaza wengine hadi 200.

Mtaani wasee walimlaumu Ruben Amorim, kocha wa wakati huo. Alikuwa na makosa yake, ile mfumo ya mabeki watatu aliishikilia hata venye kila mtu anaona haishiki. Lakini aliingia Novemba, Ten Hag ameshafutwa, nyumba ishaanza kuvuja. Ligi ikaisha tukiwa nambari 15, pointi 42, tumepoteza gemu 18 kati ya 38. Tangu tushushwe daraja 1974 tulikuwa hatujawahi kumaliza chini hivyo.

Mimi hii timu nilipewa na brathe yangu mkubwa. 2013, Ferguson akistaafu na ligi ya 20, alinivalisha jezi yake, ikanifika magotini. Sai niko na mtoi wa sista ananiuliza jezi ya Man U. Bado sijamnunulia, na kusema ukweli nachelewesha makusudi, juu sijui nimwambie anavaa ya nani.

Ukiniuliza raha ya hiyo msimu nitakupa moja tu. Aprili 17, gemu ya Europa na Lyon. Tulikuwa tunaongoza mbili, wakasawazisha, gemu ikaenda muda wa ziada, wakatupita hadi nne kwa mbili. Wasee wengi walishaenda kulala. Bruno akapiga penalti ikaingia. Dakika ya 120 Kobbie Mainoo akatulia ndani ya boksi ka msee hana presha yoyote, akaipinda kwa kona. Nne nne. Dakika iliyofuata Maguire na kichwa, tano. Majirani walidhani kuna moto.

Mainoo anatoka Stockport, hapo kando tu ya Manchester, na aliingia akademi akiwa na miaka tisa. Kwa vitabu, bei yake yote ni faida, kama tu ya McTominay. Kama unashabikia hii timu, bonga kwa sauti sai, kabla dirisha la usajili lifunguke: Mainoo asiuzwe.