Milango Sita ya Fahamu

Sisi wasemaji wa Kiswahili, tutakapo kuyataja macho, masikio, pua, ulimi na ngozi kwa jina moja la kuyakusanya, tuna njia mbili za kuchagua: ama twasema hawasi, neno tulilolipokea kwa Waarabu, ama twasema milango ya fahamu, tamko ambalo walimu hulifundisha watoto darasani hata leo. Ni machache yaliyonistaajabisha katika kusoma lugha za watu wengine kama siku ile nilipokuta ya kuwa katika Kipali, lugha ya vitabu vikongwe vya dini ya Budha, watawa wa Bara Hindi waliotangulia kuzaliwa kwa Masihi walitumia sura hii hii: jicho kwao ni dvara, yaani mlango, na mtu aliyejifunza kuitawala nafsi yake huitwa guttadvara, yule ambaye milango yake ina ulinzi. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: milango yao si mitano bali ni sita, kwa kuwa baada ya ngozi waliuhesabu na moyo, au akili, waliyoiita mano, ambayo hupokea mawazo na kumbukumbu kama jicho lipokeavyo rangi na maumbo.

Kipali leo hakisemwi nyumbani kwa mtu yeyote. Ni lugha ya ukoo mmoja na Kisanskriti, nyepesi kutamkwa kuliko huyo ndugu yake, na maneno yake mengi huishia kwa irabu, hata ulimi wa Mswahili hauoni taabu kuyachukua. Mafundisho yaliyomo yalihifadhiwa vifuani kwa karne kadha, yakikaririwa na watawa kwa jitihada ambayo yeyote aliyelelewa chuoni na kuwasikia mahafidhi ataifahamu bila kuelezwa sana. Ndipo katika karne ya 1 kabla ya Masihi, kwa mujibu wa tarikhi za Sri Lanka, kisiwa ambacho mabaharia wa Kiarabu walikiita Sarandibu, yakaandikwa katika nyumba ya watawa ya Aluvihara, karibu na Matale. Ulaya ilichelewa sana kuyapata. Viggo Fausbøll alichapisha Dhammapada mjini Copenhagen mwaka 1855, na T. W. Rhys Davids, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko Sri Lanka, akaasisi mjini London mwaka 1881 chama cha kuvichapisha vitabu vya Kipali, ambacho kati ya 1921 na 1925 kilitoa kamusi itumiwayo na wanafunzi hadi sasa.

Sasa, husemwa mara kwa mara kwamba Budha aliwafundisha watu kuzikimbia hawasi zao, kana kwamba kuona ni dhambi na kusikia ni maradhi. Dhana hiyo ina jawabu lake ndani ya vitabu vyenyewe. Katika mji wa Kajangala, kijana mmoja jina lake Uttara, mwanafunzi wa Brahmani aitwaye Parasariya, alikwenda kwa Budha, naye akaulizwa jinsi mwalimu wake awafundishavyo wanafunzi kuzikuza hawasi. Kijana akajibu kwamba mwalimu wake hufundisha kutoona kwa jicho wala kutosikia kwa sikio. Akaambiwa kwamba ikiwa ndivyo, basi kipofu ndiye mwenye jicho lililokamilika, na kiziwi ndiye mwenye sikio lililokamilika. Uttara akanyamaza, mabega yamemwanguka, uso umeinama chini. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara humhurumia kijana yule, kwani alilolisema ndilo walidhanilo watu wema wengi, wa dini nyingi.

Neno lililobishaniwa hapo ni indriyabhavana, nalo lastahili kufumuliwa kama fundi afumuavyo kanzu ili aone ilivyoshonwa. Indriya latokana na Indra, mfalme wa miungu ya Bara Hindi ya kale, na maana yake ya asili ni kitu cha mfalme, enzi, mamlaka: jicho ni sultani katika milki ya kuona, sikio katika milki ya kusikia, wala hakuna aingiaye katika milki ya mwenziwe. Bhavana nalo limetoka katika kitenzi chenye maana ya kuwa, likatiwa kiungo cha kufanyiza, kama tufanyavyo sisi tunapotoa kuza katika kua. Kwa hiyo jina zima ni kukuza mamlaka, na hapana mkulima akuzaye mche kwa kuung'oa. Budha alimweleza mtawa Ananda, baada ya Uttara kunyamaza, ya kuwa mwenye hawasi zilizokuzwa huona, na la kupendeza humpendeza, na la kuchukiza humchukiza. Ila hulitambua mara lizukapo, akaliacha litulie, kwa jicho kwa upesi wa kufumba na kufumbua, kwa pua kama matone ya mvua yateremkavyo juu ya jani la yungiyungi lililoinama, na kwa moyo kama matone mawili matatu yaangukayo juu ya bamba la chuma lililopata moto mchana kutwa, ambayo huchelewa kuanguka na hayachelewi kukauka.

Lakini penye kina kirefu kuliko pote, kwa maoni yangu, ni katika hotuba iitwayo Madhupindika, yaani donge la asali, ambamo mtawa Mahakaccana afafanua jinsi mtu anavyofika kwenye ugomvi kwa kuanzia na kutazama tu. Kwanza aeleza kwamba, kwa kuwapo jicho na umbo, fahamu ya jicho huzuka. Kukutana kwa hayo matatu ndiko kuitwako phassa, mguso. Na kwa mguso hutokea vedana, neno nitakalolieleza baadaye. Mpaka hapo hamna mtu katika maneno yake. Mambo yazuka na kukutana yenyewe, kama wimbi na mwamba. Mara sarufi yageuka, na kitenzi chapata mwenyewe: sasa yuko mtu ambaye asikia, na alisikialo hulitambua, na alitambualo huliwaza, na aliwazalo hulitandaza, kwa kitendo kiitwacho papancha, neno lenye maana ya kutanda na kuenea. Kisha sarufi yageuka mara ya pili, na yule aliyekuwa mtenda amekuwa mtendwa: hayo aliyoyatandaza, ya jana na ya leo na ya kesho, humrudia na kumwandama. Aliyeyafunua mageuzi haya mawili ni mtawa wa Sri Lanka, Katukurunde Ñāṇananda, katika kitabu chake cha mwaka 1971, naye aliyafunua kwa kutazama miisho ya vitenzi.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa maana lugha yake huyaonyesha mambo hayo kwa silabi chache: huzuka, kisha awaza, kisha yamwandama. Mwanzo hakuna nafsi iliyotajwa. Halafu yaja a, ya mtenda. Mwisho yuko katikati ya kitenzi, amekuwa m, ametendwa. Ni nani asiyeyajua haya katika maisha yake? Sauti yapita barazani, sikio lapokea. Jina lako limetajwa, na wewe walitambua. Wajiuliza ni nani aliyelitaja na kwa nia gani. Na ifikapo saa nane ya usiku huwazi tena wewe, bali mawazo ndiyo yakushikayo, hulali.

Hilo vedana lina shida yake. Aghalabu hufasiriwa kuwa hisia, na msomaji mara hudhani yatajwa mapenzi, huzuni na ghadhabu, ilhali katika Kipali ni hali tatu tu: tamu, chungu, na isiyo tamu wala chungu. Shina lake, vid, lina maana ya kujua. Ningeachiwa mimi, ningelifasiri kwa kusikia, kwani twasikia sauti, na vilevile twasikia njaa, twasikia baridi, twasikia harufu ya viungo jikoni, twasikia raha; hata aliyefahamu tulichomweleza, twasema amesikia.

Baada ya vedana huja tanha, ambayo ni kiu, ile ile ya maji. Na baada ya kiu huja upadana, neno ambalo kamusi hulipa maana mbili zionekanazo kuwa mbalimbali, kushika, na kuni. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuishika moja na kuipoteza ya pili, walakini sisi hatulazimiki, kwa kuwa katika Kiswahili moto hushika, na ulichokishika ndicho kuni yake. Ndivyo inavyoeleweka kwa nini hotuba iliyotolewa mlimani Gayasisa, karibu na mji wa Gaya, ilisema kwamba jicho lawaka, na maumbo yawaka, kwa moto wa tamaa, wa chuki na wa upumbavu: wasikilizaji walikuwa watu elfu moja walioutumikia moto wa ibada maisha yao, wakiongozwa na ndugu watatu wa jina la Kassapa, nao walijua kuliko yeyote kwamba moto usipopata cha kushika huzimika. Nibbana, neno litajwalo kwa heshima katika dini hiyo, ni jina la huko kuzimika.

Basi, iwapo jicho lawaka, si litolewe? Swali lililo karibu na hili aliulizwa mwanafunzi mkubwa Sariputta na mtawa mwenziwe Mahakotthita, walipokuwa Isipatana karibu na Varanasi, nao walikuwa wakitafuta ni kipi kilicho kifungo cha kingine, jicho au umbo. Sariputta alileta mfano wa maksai mweusi na maksai mweupe waliofungwa kwa kamba moja. Mweusi si kifungo cha mweupe, wala mweupe si kifungo cha mweusi. Kifungo ni kamba, yaani tamaa. Akaongeza kwamba Budha mwenyewe ana jicho, naye aona maumbo, lakini kamba hamna.

Ulinzi wa milango wenyewe umetolewa kwa mfano wa wanyama sita, nyoka, mamba, ndege, mbwa, mbweha na kima, waliofungwa kwa kamba imara na kuunganishwa pamoja. Nyoka avutia kichuguuni, mamba majini, ndege angani, mbwa kijijini, mbweha mahali watupwapo maiti, kima msituni. Na wakifungwa wao kwa wao tu, aliye na nguvu siku hiyo huwaburura wote. Lakini kamba zao zikifungwa kwenye nguzo iliyochimbiwa, ambayo ni sati, neno lililotoka katika shina la kukumbuka, kuukumbuka mwili ulipo na ulivyo, huvuta kila mmoja upande wake hata wakachoka, kisha husimama karibu na nguzo ile, wakakaa, wakajilaza. Hapana aliyeuawa. Ndege angali na mabawa yake, na mbweha angali na pua yake.