Krismasi Nakivale: wa kujitolea afanye nini?

Krismasi iliyopita pilau ya nyumbani niliisikia kwenye simu tu. Nilikuwa najitolea Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda.

Desemba shule zimefungwa, ila watoto waliotoka Kongo wana kazi. Kwao walisoma kwa Kifaransa. Februari watafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anayejua kugawanya vizuri tu anaweza kurudishwa madarasa ya chini kwa sababu ya lugha. Hapo Kiswahili chetu kinasaidia: hesabu mnaielewa kwa Kiswahili, kisha mnaisema kwa Kiingereza.

Lakini Januari wewe unaondoka. Basi kaa chini ya mwalimu wa palepale, usimpokonye chaki. Na siku ya kuondoka watajie watoto mapema. Kuachwa ghafla wameshakujua.