Sehemu ya kinanda ndiyo hupotea kwanza

Padre mtunzi akifariki, sauti nne za nyimbo zake hubaki hai. Akina mama wa soprano wanaikumbuka yao, wazee wa besi wanaikumbuka yao, na mwalimu wa kwaya ana daftari la sol-fa alilolinakili kwa mkono. Kinachokwenda naye kaburini ni kinanda: utangulizi aliokuwa akiupiga kabla ya wimbo wa kuingia, vipande vya kuunganisha beti, na ule muziki wa kinanda peke yake wakati wa komunyo. Huku kwetu, kuanzia Mulanda na Nagongera nchini Uganda hadi Busia na Amukura ng'ambo ya mpaka, Kenya, sehemu hiyo mara nyingi haikuandikwa popote.

Sababu moja imo katika nota zenyewe. Sol-fa tuliyoipokea kutoka kwa wamisionari, ambayo John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19, ni nota ya waimbaji. Ukiona | d :m | s :– | unajua papo hapo: do pigo moja, mi pigo moja, so mapigo mawili. Kwa mtu anayeimba sauti moja, sijaona njia nyepesi kuliko hiyo. Lakini mpiga kinanda ana vidole kumi, na kwenye ogani ya mabomba hata miguu inapiga. Mkono wake wa kulia unaweza kushikilia sauti mbili ndefu huku ya tatu ikitembea chini yake. Hayo yote yakiandikwa kwa herufi, karatasi hujaa kabla wimbo haujafika kiitikio. Kwa hiyo mtunzi huandika sauti nne, juu yake anaweka "Do = F", na mengine anamwachia mpigaji. Mpigaji hodari huyajaza vizuri sana. Akihamia parokia nyingine, muziki unahama naye.

Sababu ya pili ni ya historia. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu. Ogani iliruhusiwa, piano na ngoma zikapigwa marufuku kanisani. Seminari ya Nagongera ina jina la papa huyo huyo. Chini ya sheria hiyo, padre Mwafrika mwenye kipaji alifunzwa kutungia kinanda, huku ala ya nyuzi ya Wadhola iitwayo tongoli na ile ngoma yao ndefu iitwayo fumbo zikibaki nje ya mlango. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uligeuza mambo tarehe 4 Desemba 1963: hati yake ya liturujia iliendelea kuisifu ogani ya mabomba, lakini ikataka muziki wa kila taifa upewe heshima yake katika ibada. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga wa Tanzania, aliyekuwa amekwisha kutunga Misa Baba Yetu, alichapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma ziliingia, na nasema kwa moyo wote ziliingia kwa haki. Ila vinanda vya kukanyaga vilisukumwa stoo, na karatasi zilizokuwa juu yake zikafuata.

Kwamba karatasi za namna hiyo zinaweza kurudi, mfano mkubwa uko Amerika ya Kusini. Domenico Zipoli alizaliwa Prato, Italia, mwaka 1688, akawa mpiga ogani wa kanisa la Wajesuiti Roma, na mwaka 1716 akachapisha kitabu cha sonata za ogani na kinanda. Mwaka huo huo akajiunga na Wajesuiti, na mwaka uliofuata akavuka bahari hadi Córdoba, katika Argentina ya leo. Alimaliza masomo yake yote ya upadre, lakini hakukuwa na askofu wa kumwekea mikono. Kifua kikuu kilimuua Januari 1726, akiwa bado anangoja. Ulaya ilijua kitabu chake tu. Mwandishi wake alikuwa kama ameyeyuka.

Lakini muziki wake ulikuwa umeendelea kuishi katika misheni za Wajesuiti. Padre Martin Schmid, Mjesuiti kutoka Uswisi aliyejenga makanisa na ogani kwa mikono yake, alifundisha muziki miongoni mwa Wachiquitano wa Bolivia. Wajesuiti walipofukuzwa mwaka 1767, wenyeji hawakufunga madaftari. Waliendelea kupiga, na karatasi ilipochakaa waliinakili upya, kizazi baada ya kizazi. Misa moja ya Zipoli ilipatikana katika nakala iliyoandikwa Potosí mwaka 1784, miaka 58 baada ya kifo chake. Kisha mwaka 1972 msanifu majengo Hans Roth, aliyekwenda kukarabati makanisa hayo, akakuta maelfu ya kurasa za muziki huko San Rafael na Santa Ana, zikiwemo kazi za kinanda. Leo zimehifadhiwa Concepción, huko huko Bolivia.

Nikizisoma kazi hizo, jambo linalonishika ni jinsi sehemu ya ogani ilivyoandikwa katika misa za misheni hizo: mstari mmoja tu wa besi, na tarakimu chache juu yake. Tarakimu zinahesabu kutoka kwenye sauti ya besi kwenda juu. Besi ikiwa mi na juu yake pana 6, mpigaji anaongeza so na do. Besi ikiwa so na juu yake pana 4 kisha 3, mkono wa kulia unashika do halafu unashuka kwenye ti, na kila mwanakwaya wa Tororo ameusikia mtelemko huo mwishoni mwa wimbo hata kama hajui jina lake. Njia hii inaingia katika sol-fa yetu bila shida yoyote. Mstari wa besi tunao tayari. Kilichokosekana ni tarakimu.

Kuhusu karatasi za zamani, zitafutwe pande zote mbili za mpaka. Vikarieti ya Upper Nile, waliyokabidhiwa mapadre wa shirika la Mill Hill mwaka 1894, ilifika hadi magharibi mwa Kenya, na upande huo ulitengwa mwaka 1925 tu. Daftari la Nagongera linaweza kuwa na mwenzake Mumias, upande wa Kenya. Ukilipata, usilifanyie lamination wala usilibandike selotepu, maana gundi hula karatasi. Usipange upya kurasa zilizolegea kabla ya kuzipiga picha pande zote mbili jinsi ulivyozikuta. Ondoa pini zenye kutu taratibu, liweke mbali na sakafu kwa sababu ya mchwa, na uandike pembeni, kwenye karatasi nyingine, liliokotwa wapi na nani alikuwa akilitumia.

Na mpigaji wako aliye hai, mkalishe kinandani baada ya misa, umrekodi kwa simu akipiga polepole, kisha muandike pamoja tarakimu juu ya besi, yeye akitaja na wewe ukiandika. Chini ya ukurasa ziwekwe sahihi mbili: ya mpigaji na ya aliyenakili.