Dawa Ikimkataa Mtu Ruiri, Nani Hupata Habari?

Ruiri, kama kwingineko Meru, ni nadra mtu kusema amepata madhara ya dawa. Husema dawa imemkataa. Alipewa tembe za presha, akakohoa usiku kucha kwa wiki mbili, akaziacha. Mwingine alianzishiwa dawa ya sukari, tumbo likachafuka, akaiweka juu ya kabati na kurudia mizizi ya kuchemsha. Jirani ataambiwa, na abiria wenzake kwenye matatu ya kwenda Meru mjini pia wataambiwa. Anayeweka kumbukumbu za dawa nchini ndiye haambiwi.

Kumbukumbu hizo huwekwa na Bodi ya Famasia na Sumu, PPB, jijini Nairobi. Mfumo wa kitaifa wa kukusanya taarifa za madhara ya dawa ulizinduliwa mwaka wa 2009, na mwaka uliofuata Kenya ikawa mwanachama wa 98 wa mpango wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kufuatilia usalama wa dawa. Taarifa za nchi zote wanachama huwekwa kwenye hifadhi moja mjini Uppsala, Sweden. Mpango huo ulianza mwaka wa 1968 kwa sababu ya thalidomide, dawa iliyopewa wajawazito kutuliza kichefuchefu na kuwapa usingizi. Zaidi ya watoto 10,000 duniani walizaliwa na kasoro, wengi wakiwa na mikono au miguu isiyokamilika. Dawa hiyo ilitiliwa shaka mwaka wa 1961 wakati daktari mmoja Ujerumani na mwingine Australia, kila mmoja kivyake, walipoona watoto wa aina hiyo wakizidi na kuamua kusema.

Huenda mkazi akauliza: dawa si huwa imepimwa kabla ya kufika zahanati? Imepimwa, lakini kwa watu wachache. Dawa nyingi huidhinishwa baada ya kujaribiwa kwa watu elfu chache tu. Dhara linalompata mtu mmoja kati ya 10,000 linaweza kupita hapo bila kuonekana hata mara moja. Tena watu hao elfu chache hawakutoka Ruiri. Majaribio mengi ya dawa hufanyiwa Ulaya, Marekani na Asia, na Afrika hupata sehemu ndogo sana. Wajawazito na wazee wenye magonjwa mengi mara nyingi huachwa nje. Ndiyo maana dawa ikifika hapa, wa kwanza kujua inavyofanya kazi katika miili ya watu wa hapa ni hao hao wanaoimeza.

Enalapril ni mfano mzuri, kwa kuwa ni miongoni mwa dawa za presha zinazotumika sana nchini. Kikohozi kikavu ni dhara lake linalojulikana. Lipo jingine, la nadra lakini la hatari: midomo, ulimi au koo kuvimba ghafla. Watu wenye asili ya Afrika hupatwa na uvimbe huo takriban mara 3 zaidi ya Wazungu, jambo lililobainika hasa kutokana na wagonjwa Weusi wa Marekani. Mtu anayetumia dawa hiyo akiona midomo inavimba, hiyo ni dharura. Aende hospitalini mara moja, mambo ya fomu yatafuata.

Kuna pia mambo ambayo mtafiti wa mbali hana hata wazo la kuyauliza. Miraa ni mojawapo. Utafiti uliofanywa na wanasayansi wa Yemen na kuchapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba kutafuna miraa hupunguza kiasi cha ampicillin kinachoingia mwilini, na kwamba ni bora kumeza dawa hiyo saa mbili baada ya kumaliza kutafuna. Wayemen waliuliza swali hilo kwa sababu wao wenyewe hutafuna. Katika kaunti inayoikuza miraa, ni dawa ngapi nyingine zinazohitaji kuulizwa swali kama hilo? (Kutaja miraa kwa mhudumu wa afya si kujishtaki. Ni habari kama nyingine.)

Lakini kisa kinachoonyesha vizuri zaidi uzito wa taarifa hizi ni cha dolutegravir, dawa ya HIV ambayo Wakenya wengi wanaitumia sasa. Ilipoanza kuletwa nchini ilisifiwa kwa sababu ilipunguza virusi haraka na haikuleta kizunguzungu na ndoto mbaya kama efavirenz iliyokuwapo. Mei 2018, utafiti wa Botswana ukatoa habari ya kushtua. Kati ya wanawake 426 waliokuwa wakiimeza wakati wanashika mimba, 4 walijifungua watoto wenye kasoro za ubongo au uti wa mgongo. Nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliwazuilia wanawake wenye umri wa kuzaa.

Wanawake wenyewe hawakunyamaza. Julai mwaka huo, wanawake wanaoishi na HIV kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali na kusema kwamba wapewe habari kamili, kisha wachague wenyewe. Wakati huo Botswana iliendelea kuhesabu kila mtoto aliyezaliwa. Mwaka wa 2019 walikuwa 5 kati ya 1,683, kiwango kilichokuwa kimeshuka sana, na WHO ikaipendekeza dawa hiyo kwa watu wazima wote, wanawake wakiwemo. Hofu ilipimwa kwa hesabu, na dawa nzuri ikarudi mikononi mwa waliokuwa wamenyimwa.

Dawa hiyo hiyo ilikuwa na jingine. Madaktari wa Kampala waliandika mwaka wa 2018 kuhusu wagonjwa wachache ambao sukari yao ilipanda sana baada ya kuianza. Mwaka uliofuata, jaribio la Afrika Kusini likaonyesha kwamba watumiaji waliongeza uzito, hasa wanawake. Siku hizi mtu anayeanzishiwa dolutegravir akipimwa sukari na uzito kliniki, ajue kwamba kipimo hicho kina mchango wa wagonjwa wa Afrika waliosema mwili wao umebadilika.

Taarifa hupelekwa kwa njia kadhaa. Mkazi mwenye simu ya kawaida anaweza kubonyeza *271#. Mwenye intaneti anaweza kutumia mfumo wa PPB uitwao PvERS. Katika vituo vya afya kuna fomu ya manjano ambayo mhudumu humjazia mgonjwa, na ya waridi kwa dawa yenyewe inapotiliwa shaka, kwa mfano tembe zinazovunjika ovyo au sharubati iliyobadilika rangi. Fomu hizo ni za Kiingereza, na hicho ni kizuizi cha kweli kwa wengi. Si lazima mgonjwa aandike mwenyewe. Anaweza kueleza kwa Kimeru au Kiswahili, mhudumu akaandika.

Kinachotakiwa ni jina la dawa, nambari iliyo kwenye pakiti, siku ilipoanzwa, siku dhara lilipoonekana na lilivyokuwa, pamoja na umri, jinsia na kama mgonjwa ni mjamzito. Dawa nyingine zitajwe pia, za kienyeji zikiwemo. Kwa jina la mgonjwa, herufi za kwanza zinatosha. Utambulisho wake huwekwa siri, na kutoa taarifa hakuhesabiwi kuwa kumlaumu daktari, duka la dawa au kiwanda. Hili lasemwa kwa sababu wengi hunyamaza wakiogopa kumkosea aliyewahudumia, au wakiogopa kwamba kijiji kizima kitajua wanatumia dawa gani.

Wala si lazima kuwa na uhakika kwamba ni dawa iliyosababisha. Shaka inatosha. Taarifa moja haithibitishi kitu. Ikiungana na nyingine kama hiyo kutoka Isiolo, Embu au nchi jirani, wataalamu huanza kuchunguza, na wanaweza kubadilisha kipimo, kuongeza onyo kwenye pakiti au kuiondoa dawa sokoni.

Taarifa hiyo haichukui nafasi ya matibabu. Anayekataliwa na dawa ya presha, kifafa, TB au HIV asiiache kimyakimya, kwani kuacha ghafla kunaweza kumdhuru kuliko kikohozi au kichefuchefu alichokimbia. Arudi kituoni alikoipata, akiwa na pakiti yenyewe mkononi hata kama imeisha. Mara nyingi ipo dawa nyingine ya kumbadilishia, na nambari iliyo kwenye pakiti hiyo ndiyo itakayojazwa kwenye fomu.